Chuma kinavyoliwa na maji na asidi: jinsi ya kukipigia simulesheni kwa simu au laptopu yako

Tulikuwa tumepandisha bomba la kisima kule Ngaramtoni, Arusha, bomba la chuma la inchi mbili, pisi baada ya pisi mpaka zote zikalala kwenye majani, na kitu cha kwanza kila mtu alichokiona ni kwamba pisi za chini kabisa zilikuwa na afya kuliko za katikati. Zile za katikati, pale maji yanapopanda na kushuka kila pampu ikiwashwa na kuzimwa, ukizigonga na nyundo zinamwaga magamba ya kahawia na kuna sehemu zina matundu ya kuingiza kidole. Fundi mkubwa niliyekuwa namsaidia akaniambia, "Mdogo wangu, maji ya huku yana asidi, ndo yanakula bomba." Nikamwambia sawa kaka, lakini kwenye begi nilikuwa na karatasi za pH, zile za kupima ukali wa asidi, chini ya 7 ni asidi, nikachovya moja kwenye maji yale yale ikasoma kama 8. Hiyo siyo asidi kabisa, hayo ni maji yenye magadi kama yalivyo maji mengi ya upande huu wa Meru. Na kama ingekuwa asidi, pisi za chini ambazo zimezama usiku na mchana si ndo zingekuwa za kwanza kuisha?

Hilo swali lilinikalia kichwani, na njia niliyoitumia kulijibu ndo nataka nikuelekeze hapa, maana watu wengi wakisikia simulesheni ya kutu wanadhani lazima uwe na programu ya mamilioni na kompyuta ya chuo. Huhitaji. Unahitaji Python, lugha ya kuandikia programu ambayo ni bure, na kama huna laptopu unaifungua kwenye Google Colab kwa simu au unaweka Pydroid 3 kwenye Android, ukishaidanlodi mara moja haikuli bando tena. Hesabu yenyewe ni ya mistari ishirini hivi. Kazi kubwa ipo kwenye kuelewa unachokiandika.

Tuanze na kinachotokea kwenye chuma

Chuma kikiliwa kinafanya kitu kimoja tu, atomu inaachia elektroni mbili na kuingia kwenye maji kama ayoni ya Fe2+. Iwe ni maji ya bomba, iwe ni asidi ya betri, upande huo ni ule ule. Kinachobadilika ni nani anapokea zile elektroni. Kwenye asidi zinapokelewa na ayoni za haidrojeni, ndo maana unaona mapovu, ile ni gesi ya haidrojeni. Kwenye maji ya kawaida ayoni za haidrojeni ni chache mno, kwenye pH 7 zipo 0.0000001 mol kwa lita (mol ni kipimo cha wakemia cha idadi ya chembe), kwaiyo mpokeaji mkuu anakuwa oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji, na huoni povu lolote, unaona kutu tu.

Sasa shika hii maana ndo roho ya simulesheni yote. Elektroni hazilundikani, zikitoka lazima zipokelewe muda huo huo. Ni kama ndizi pale soko la Kilombero, lori linaweza kuja limejaa mpaka juu, lakini kama wanunuzi ni watano ndizi zitatoka kwa spidi ya wale watano, hata ukilishusha lori lote chini. Wanasayansi Wagner na Traud ndo waliiweka hii kihesabu mwaka 1938, kwamba chuma kikiwa ndani ya maji kinatafuta volteji moja ambayo mkondo wa kutoa unalingana na mkondo wa kupokea, na kinatulia hapo. Ukiipata hiyo volteji umepata na mkondo, na ukipata mkondo umepata milimita ngapi zinaliwa kwa mwaka. Programu yetu inatafuta hiyo volteji moja, basi.

Namba za kuanzia

Upande wa chuma, volteji yake ya kawaida ni -0.44 V ukilinganisha na elektrodi ya haidrojeni. Upande wa haidrojeni ni 0 V ukiwa pH 0, halafu inashuka 0.059 V kila pH ikipanda moja, kwaiyo pH 7 unakuwa -0.413 V. Halafu kuna sheria ya Tafel ya mwaka 1905, inasema ukisogeza volteji kidogo mkondo unaongezeka mara kumi kumi. Kwa chuma kuyeyuka tutachukua kila 0.06 V mkondo unakuwa mara kumi, kwa haidrojeni kila 0.12 V. Na mkondo wa kuanzia wote wawili tunaweka 0.000001 A kwa sentimita ya mraba, yaani mikroampia moja. Hizi ni namba za kawaida za kufundishia, chuma chako kinaweza kuwa tofauti, na hapo mbele nitakuonyesha jinsi ya kujua kama tofauti hiyo inakuumiza au haikuumizi.

Upande wa oksijeni ndo pana utamu, na ndo pana habari ya Arusha. Oksijeni haina haraka, inabidi isafiri ndani ya maji mpaka ifike kwenye chuma, na karibu kabisa na chuma kuna tabaka jembamba la maji yasiyotembea, kwenye maji yaliyotulia unaweza kulichukulia kama nusu milimita, yaani 0.05 cm. Spidi ya kupenya hapo ndo kikomo, hata chuma kiwe na hamu gani ya kutoa elektroni. Kikomo chenyewe kinapatikana hivi: 4 (elektroni zinazopokelewa na molekuli moja ya oksijeni) mara 96485 (namba ya Faraday, inageuza mol za elektroni kuwa umeme) mara spidi ya oksijeni kusambaa kwenye maji ambayo ni 0.00002 cm² kwa sekunde, mara kiasi cha oksijeni, halafu gawanya kwa unene wa tabaka.

Kiasi cha oksijeni ukikisoma kwenye vitabu utakuta miligramu 8.3 kwa lita kwa maji ya nyuzi 25, lakini hiyo ni ya Dar au Tanga, usawa wa bahari. Arusha mjini tuko kama mita 1400 juu, hewa yetu ina shinikizo kama 0.85 ya ile ya pwani, kwaiyo oksijeni inayoyeyuka inakuwa kama miligramu 7 kwa lita. Gawanya kwa 32 unapata milimol 0.22 kwa lita. Ukiingiza kwenye hesabu inatoka mikroampia 34 kwa sentimita ya mraba, wakati pwani ingekuwa karibu 40. Tofauti ya namna hiyo ukiisahau, matokeo yako yote yanahama na hutajua kwa nini.

Na hapa kuna mtego ambao mimi ulinikamata usiku mzima. Kiasi cha oksijeni lazima kiwe kwa sentimita ya ujazo kwasababu vitu vingine vyote umeviweka kwa sentimita, yaani 0.00000022 mol, usiweke ile ya lita. Nilipoweka ya lita nilipata mkondo mkubwa mara elfu moja, chuma kinaliwa karibu milimita 394 kwa mwaka, maana yake bomba lenye unene wa milimita 3.6 linaisha kwa siku tatu na kitu. Programu haikulalamika hata kidogo, ilinipa namba safi kabisa na grafu nzuri. Kwaiyo kila namba inayotoka ipeleke kwanza kwenye kitu unachokijua, jiulize bomba la nyumbani limekaa miaka mingapi, kabla hujaiamini.

Kubadilisha mkondo kuwa milimita ni sheria ya Faraday. Uzito wa atomu ya chuma 55.85, elektroni 2, densiti 7.87 gramu kwa sentimita ya ujazo, ukizungusha yote unapata kwamba kila mikroampia moja kwa sentimita ya mraba ni milimita 0.0116 kwa mwaka. Hii iandike ukutani, utaitumia kila siku.

Programu yenyewe

def chuma(E):
    return 1e-6 * 10**((E + 0.44) / 0.06)

def haidrojeni(E, pH):
    return 1e-6 * 10**(-(E + 0.059*pH) / 0.12)

def tafuta(pH, oksijeni):
    chini = -0.8
    juu = 0.2
    for hatua in range(60):
        kati = (chini + juu) / 2
        if chuma(kati) > haidrojeni(kati, pH) + oksijeni:
            juu = kati
        else:
            chini = kati
    return kati

for pH in [7, 5, 4, 3, 2, 1]:
    E = tafuta(pH, 34e-6)
    mkondo = chuma(E)
    print(pH, round(E, 3), round(mkondo*1e6, 1), round(mkondo*11600, 2))

Angalia pale kwenye tafuta inafanya nini. Inachukua volteji ya chini na ya juu, inasimama katikati, inauliza chuma kinatoa zaidi ya kinachopokelewa? Kama ndiyo basi jibu liko chini, kama hapana liko juu, inakata tena katikati, mara sitini. Ni ile ile ya kumtafutia mtu ukurasa kwenye kitabu kinene, unafungua katikati kwanza. Kuna njia za haraka zaidi lakini hii haikosei njia na unaielewa kila hatua, mimi bado naipenda kuliko zile za kuagiza tu.

Ukiirun utapata hivi, namba ya mwisho ya kila mstari ndo milimita kwa mwaka. pH 7 inaliwa milimita 0.40 kwa mwaka. pH 5 ni 0.43. pH 4 ni 0.48. Mpaka hapo umeongeza ukali wa maji mara elfu moja na bado karibu hakuna kilichobadilika! Halafu pH 3 inaruka 0.64, pH 2 inakuwa 1.0, pH 1 inafika 1.8. Hii ndo sehemu niliyokaa nikaangalia skrini muda mrefu, maana ndo jibu la nusu ya swali la Ngaramtoni. Kuanzia kama pH 4 kupanda juu mwenye amri ni oksijeni, pH haina sauti. Chini ya hapo haidrojeni inaanza kuchukua usukani. Na haya siyo ya programu yangu tu, kwenye maabara pia inajulikana miaka mingi kwamba chuma kwenye maji yenye hewa kinaliwa karibu spidi moja kati ya pH 4 na 10 hivi. Ukipita 10 chuma kinaanza kujifunika ngozi nyembamba ya oksaidi na spidi inashuka, na hiyo programu yetu haiijui, kwaiyo usiipeleke huko.

Sasa jaribu kuweka oksijeni sifuri badala ya 34e-6, kama maji yaliyochemshwa yakafunikwa mafuta juu, lile jaribio la misumari tulilofanya sekondari. pH 7 inashuka mpaka kama 0.016 tu. Hapo lakini uwe makini, chuma na haidrojeni wanakuwa wamekaribiana sana volteji zao na kuna mwendo wa kurudi nyuma ambao Tafel peke yake hauuhesabu, ukweli utakuwa chini ya hapo. Mwelekeo ni sahihi, namba yenyewe usiende nayo kwa mteja.

Nilikuahidi kukuonyesha jinsi ya kupima wasiwasi wa namba za kuanzia. Chukua ile 1e-6 ya haidrojeni ifanye 1e-5, mara kumi, irun tena. pH 1 itatoka 1.8 na kukimbilia kama 7. Lakini pH 7 mkondo unatoka 34 kwenda kama 37 tu. Umeona? Kwenye asidi aina ya chuma na uchafu uliomo ndani yake ni kila kitu, kwenye maji ya kawaida karibu haijalishi, kinachojalisha ni oksijeni inafikaje. Kwaiyo kama kazi yako ni mabomba na matenki usipoteze wiki nzima kutafuta namba sahihi za Tafel, pima oksijeni na mwendo wa maji. Kama kazi yako ni asidi, hapo lazima utafute namba za chuma chako hasa.

Na mwendo wa maji una nguvu kuliko unavyodhani. Lile tabaka la nusu milimita ni la maji yaliyotulia, maji yakikimbia linakonda. Lifanye 0.01 cm, mkondo unakuwa 170, karibu milimita 2 kwa mwaka. Kona ya bomba na kule maji yanakotokea kwa presha zinaliwa kwanza kwasababu hiyo, fundi yeyote wa maji anajua kwa macho, hapa unaiona kwa namba.

Kutu ikijenga ukuta

Programu ya juu inafikiri chuma kiko kipya kila siku. Ukweli ni kwamba kutu inajaa juu na oksijeni sasa inabidi ipite ndani ya kutu pia. Tuseme chuma kikiliwa milimita moja kinaacha kutu milimita tatu, maana kutu ina maji ndani na inavimba, na tuseme ndani ya kutu oksijeni inapita kwa shida mara kumi kuliko kwenye maji matupu. Basi kila sentimita iliyoliwa inaongeza ugumu wa njia sawa na sentimita 30 za maji. Hizi mbili, tatu na kumi, ni makisio yangu, zibadilishe uone. Kwenye pH 7 haidrojeni ni ndogo tunaiacha:

kimeliwa = 0.0
for siku in range(3650):
    tabaka = 0.05 + 30*kimeliwa
    oksijeni = 1.7e-6 / tabaka
    kimeliwa = kimeliwa + oksijeni*1160/365
    if siku == 364:
        print(kimeliwa*10)
print(kimeliwa*10)

Mwaka wa kwanza unapata kama milimita 0.1, badala ya 0.40. Miaka kumi unapata kama 0.35, yaani miaka kumi haijafika hata ule mwaka mmoja wa chuma kitupu. Kutu ikitulia inajizibia njia yenyewe. Ndo maana bomba lililozama kimya linaweza kukaa miaka na miaka likiwa limevaa kutu nene na ndani chuma bado kipo, na wewe ukiingia na brashi ya waya ukaisugua ikang'aa halafu ukairudisha kwenye maji bila kupaka rangi umeirudisha siku ya kwanza.

Pima na misumari, usiamini skrini peke yake

Hapa nasisitiza kwa moyo wote. Simulesheni ambayo haijawahi kukutana na mizani ni hadithi. Nunua misumari kumi ya inchi tatu, ile myeusi ya kawaida, siyo ya bati maana ile ina zinki na zinki ina volteji yake ya -0.76 V inaliwa kwanza badala ya chuma. Osha na sabuni, futa mafuta na spiriti, kausha, pima yote kumi kwa pamoja kwenye mizani ndogo ya dijitali kama ya sonara inayosoma 0.01 gramu. Msumari mmoja una eneo kama sentimita za mraba 8, kumi ni kama 80. Ilaze kwenye beseni pana lenye maji ya kina kidogo, isigusane, usitumie chupa nyembamba maana hewa itachelewa kuingia na utapata namba ndogo kuliko ya programu halafu utaanza kulaumu programu. Kwa siku 30 hesabu ya chuma kitupu inasema utapoteza kama gramu 2, ile ya ukuta wa kutu inasema kama 1.3. Ukimaliza sugua kutu yote itoke kabla ya kupima, kutu ni oksijeni iliyoongezeka, ukiiacha unaweza kukuta msumari umeongezeka uzito badala ya kupungua.

Kwa asidi tumia ndimu au siki, achana na asidi ya betri nyumbani, inakula macho na ngozi na huna sababu ya kuihitaji. Weka sehemu yenye hewa na kamwe usifunge kizibo, ile haidrojeni inajaa na inashika moto. Nilikamua ndimu, karatasi ikasoma kati ya 2 na 3, programu kwenye pH 2 inasema misumari kumi itapoteza kama gramu 1.2 kwa wiki. Ikapotea zaidi ya hapo. Nilidhani nimekosea mizani nikarudia, ikawa hivyo hivyo.

Sababu ziko mbili na zote ni za kujifunza. Ya kwanza, pH inahesabu haidrojeni iliyo huru tu. Ndimu ina asidi ya sitriki kama gramu 48 kwa lita, na akiba yake yote ya haidrojeni ni zaidi ya mara mia moja ya ile iliyo huru, kila moja ikitumika nyingine inaachiwa. Asidi dhaifu na asidi kali zenye pH sawa hazili sawa, ile dhaifu ina stoo nyuma yake. Programu yetu imeandikwa kwa asidi kali kama ya haidrokloriki, ambayo imeachia kila kitu tangu mwanzo. Ya pili, baadhi ya misumari yangu ilikuwa na kutu tayari. Kutu ni kampaundi ya chuma, ikikutana na asidi inayeyuka na kutoa Fe3+, na hiyo Fe3+ inapokea elektroni vizuri kuliko hata haidrojeni, volteji yake ni +0.77 V. Fe3+ mbili zinakula chuma kimoja na kutoa Fe2+ tatu. Kwaiyo kutu ndani ya asidi inageuka kuwa mlaji wa chuma kilichoizaa. Ukitaka kuiingiza kwenye programu ongeza mpokeaji wa tatu, fomula ile ile ya kikomo kama ya oksijeni ila elektroni moja badala ya nne, na kiasi cha Fe3+ unakipunguza kadri kinavyotumika. Na wale mnaotoa kutu kwenye vyuma kwa asidi, msiache kitu humo usiku kucha, kutu ikiisha vitoe.

Kitu kingine, usifikiri asidi ikizidi ukali ndo chuma kinaliwa zaidi milele. Kwenye asidi ya naitriki nzito sana chuma kinanyamaza kabisa, kinajifunika oksaidi, wanasayansi Schönbein na Faraday waliandikiana barua kuhusu hilo mwaka 1836. Programu ya mistari ishirini itakwambia kinayeyuka kwa kasi ya ajabu. Mwisho wake ni asidi nyepesi.

Ukitaka kwenda mbele

Kama unataka kujua ndani ya maji ya kisima chako kutakuwa na kampaundi gani za chuma, ipi itabaki imeyeyuka na ipi itatua chini kama kutu au kama kaboneti, tumia PHREEQC, ni ya bure, inatolewa na idara ya jiolojia ya Marekani. Unaiandikia majibu ya maji yako kutoka maabara, pH, kalsiamu, floraidi, baikaboneti, inakupa mahesabu. Kwa maji yetu ya huku ni muhimu, maana pale floraidi inapokuwa juu kalsiamu mara nyingi inakuwa chini, na kalsiamu ikiwa chini ile ganda nyeupe inayolinda mabomba sehemu nyingine haijengeki vizuri. Pia chora ramani ya Pourbaix ya chuma, pH upande huu volteji upande huu, ile volteji uliyoipata kwenye programu iweke humo uone umeangukia eneo la kuyeyuka au la kujifunika.

Kuna na simulesheni za atomu kwa atomu, LAMMPS ndo watu wengi wanatumia, ya bure pia. Ni nzuri na inavutia kuona molekuli ya maji inavunjika juu ya chuma, lakini ujue unachonunua. Kwa kazi kama hii kila hatua yake huwa kama robo ya femtosekunde, kwaiyo hatua milioni nne ndo zinafanya nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa laptopu ya kawaida hutafika hata sekunde moja ya maisha ya bomba. Inajibu swali la jinsi gani, lile la miaka mingapi haliwezi. Nimeona vijana wanaanza na hii kwasababu video zake ni nzuri halafu wanakata tamaa, anza na mistari ishirini.

Turudi kwenye bomba. Nilikaa na yule fundi juu ya zile pisi nikamwonyesha kwenye simu. Kule chini kabisa oksijeni ni chache, niliweka moja ya kumi, mkondo ukawa 3.4, milimita 0.04 kwa mwaka, pisi ziko salama. Pale maji yanapopanda na kushuka bomba linabaki limelowa filamu nyembamba na hewa iko pembeni tu, tabaka nikaliweka 0.01 cm, ikatoka karibu milimita 2 kwa mwaka na kila maji yakipanda yanasukuma kutu laini inadondoka, ule ukuta haupati nafasi ya kujijenga. Akaangalia simu, akaangalia pisi ya katikati, akaiokota ya chini akazigonganisha asikie mlio. "Kwaiyo ni hewa," akasema. Siku hizi akinipigia kuhusu kisima kipya haniulizi tena kama maji yana asidi, anauliza yanasimama mita ngapi na pampu ikivuta yanashuka mpaka ngapi, halafu anahesabu pisi zinazoangukia katikati ya hapo na hizo tu ndo anaagiza bomba nene.